Barasa Hayuko Qatar

Umoja, Jumanne alasiri

Mwanangu Nekesa,

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kumuuliza mtu hali. Hali yako naijua. Uko kwa msusi, mtaa wa pili kutoka hapa, umekalia kigoda, kichwa kimevutwa upande mmoja, na mama yako amekaa mlangoni akimwambia msusi akaze vizuri kwa sababu haamini kama Eldoret kuna watu wanaojua kusuka. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Nimefunga kibanda changu cha funguo mapema leo, jambo ambalo wateja wangu wa Shauri Moyo hawajalizoea, nikaja kukaa hapa mezani na kalamu kama mwanafunzi aliyebakishwa darasani.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda chuoni Eldoret. Habari za blanketi, maji ya kuchemsha na wavulana wa chuo nawaachia wenyewe, maana mama yako alianza kuzisema mwezi jana na hajamaliza. Mimi nina mambo mengine. Nataka kukwambia makosa yangu, mengine unayajua na mengine huyajui. Nataka pia kukwambia kwamba najivunia wewe, kwa sababu sijawahi kulisema kwa mdomo, na si ajabu kesho kituoni nikashikwa na kikohozi badala ya maneno. Halafu kuna habari moja ya kaka yako. Ni habari inayoweza kukufanya ufungue sanduku na kutundika nguo zako tena kwenye misumari, kama mwaka jana. Nimeizungusha siku tatu. Nitaisema humu humu, nakuahidi, lakini acha nianze mbali kidogo, kwa sababu nikianza nayo nitaisema vibaya.

Unajua mtaa huu karibu hakuna mtu anayejua jina langu. Mimi ni Baba Barasa. Kwa kinyozi, kanisani, kwenye kibanda cha funguo, Baba Barasa. Mzazi huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, na nilipoitwa hivyo mara ya kwanza nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nikatembea siku hiyo nzima kifua mbele. Sasa fikiria mtu anayeitwa kwa jina la mwanawe mara hamsini kwa siku, na huyo huyo mwana ndiye anayemficha.

Ulikuwa darasa la tano Barasa alipoanza pombe ya vichupa. Mwanzoni ilikuwa Ijumaa tu, na marafiki. Halafu Ijumaa ikaanza kufika Jumatatu. Alikuwa fundi mwenzangu. Nilimfundisha kushika tupa kabla hajaota ndevu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Akaanza kuchelewa kibandani, kisha akawa hafiki, kisha wateja wakaniambia wamemwona amelala kando ya mtaro, nami nikawaambia wamemfananisha. Siku moja tulipotoka misa, Mama Wanjiru, yule muuza mapazia ya mtumba Gikomba, akaniuliza, "Baba Barasa, kijana wako siku hizi hatumwoni. Alienda wapi?" Sikupanga. Mdomo ulijibu wenyewe: "Alipata kazi Qatar. Ulinzi wa hoteli."

Kwa nini Qatar? Hata leo sijui. Nadhani asubuhi hiyo redio ilikuwa imewataja vijana wanaoenda huko. Ninachojua ni kwamba kufikia jioni watu walikuwa wananipa mkono wa pongezi, na mimi nilikuwa naupokea.

Na kumbuka nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya. Nyumba kumi na kitu, kila Jumapili jioni tunasali kwa mmoja wetu, kwa zamu: rozari, neno, nia za maombi, kisha chai. Mwenyekiti hawezi kuruka zamu yake. Kwa hiyo zamu yetu ilipofika, Barasa nilimfungia katika chumba cha nyuma, kile tulichojenga tukitarajia kupata mpangaji.

Hapo ndipo utajua baba yako ni fundi wa aina gani. Nilitia kufuli ya kwanza, akaifungua kwa spoku ya baiskeli. Nikatia ya pili, kubwa, ya shaba. Akaifungua kwa ufunguo aliokuwa ameukata mwenyewe, kwa mashine yangu, nilipoenda kula chakula cha mchana. Nilimfungia mtu kwa kufuli nilizomfundisha mwenyewe kuzifungua! Tena nitakwambia jambo la aibu ambalo hata mama yako halijui. Niliushika ule ufunguo, nikaugeuza kwenye mwanga, nikaona umekatwa safi kabisa, meno yote sawasawa, na moyo wangu ukafurahi kidogo kabla sijakumbuka kukasirika. Mwishowe nilitia komeo la chuma kwa nje, lisilo na tundu la ufunguo wala nini. Hilo halikuhitaji fundi, na ndilo lililomweza.

Miaka mitatu jumuiya ilimwombea Barasa wa Qatar. Mimi mwenyewe ndiye niliyetaja nia: "Tumwombee kijana wetu Barasa aliye ughaibuni, Bwana amlinde na joto la kule." Na watu wazima wenye akili zao na shida zao wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mama Wanjiru hata aliniomba namba ya Barasa ili mpwa wake apate mtu wa kumpokea akifika huko. Nikamwambia mtandao wa kule ni mbaya. Alinitazama muda mrefu. Siku hiyo nilidhani ananishuku. Sasa najua alikuwa na uongo wake nyumbani, na wangu aliutambua kwa sura.

Ile Jumapili unaikumbuka kuliko mimi, lakini acha niisimulie, maana sijawahi kuisimulia nikiwa upande wako.

Nyumba ilijaa. Mama yako alikuwa amepika maandazi. Tulipofika kwenye nia za maombi, Barasa akaanza kugonga ukuta kule nyuma, kwanza taratibu, kisha kwa ngumi. Watu wakaangaliana. Mimi nikaanzisha wimbo. Nekesa, nilianzisha wimbo kwa sauti kubwa, nikapiga makofi, ili mtoto wangu asisikike akiomba maji. Tuliimba beti zote. Tulipomaliza alikuwa bado anagonga, na nilipofungua mdomo nianzishe wimbo mwingine, wewe ukasimama. Miaka kumi na minne, umevaa sketi ya shule.

"Mimi naombea braza yangu Barasa," ukasema. "Hayuko Qatar. Ako hapo nyuma, na anataka maji."

Hukungoja mtu aitikie. Ulichota maji kwa kikombe cha bati, ukatoka, na sote tukasikia komeo likivutwa.

Nilitamani sakafu ipasuke. Aliyezungumza ni Mama Wanjiru, na hakunitazama mimi. "Haya, na mimi niseme," akasema. "Baba Wanjiru hayuko Nakuru kwa biashara. Analalanga huko Gikomba juu ya mabelo yangu ya mapazia, na asubuhi namwosha uso kabla wateja hawajakuja. Nani mwingine ako na Nakuru yake hapa?" Niliona wawili wakiinamisha vichwa.

Ningekuwa na akili ningesema asante. Nilifunga sala mbiombio, watu wakatoka bila kunywa chai, na yale maandazi tuliyala siku tatu. Kisha nikakuita jikoni nikakuzaba kofi. Hukulia. Ulishika shavu ukaniambia, "Nichape tu, Dadi. Lakini siwezi ombea mtu mahali hayuko."

Sijawahi kukuomba msamaha kwa kofi lile. Wiki iliyofuata nilikununulia viatu, nikadhani umeelewa, nawe ukavaa viatu na mimi nikajifanya tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza. Nisamehe, mwanangu. Ulisema kweli mbele ya mtu mzima mwoga, na yule mtu mzima akakupiga kwa sababu ya woga wake. Nimeona haya kila nilipokumbuka, na nimekumbuka mara nyingi.

Wazee walisema la kuvunda halina ubani, na mimi nilikuwa nimefukiza ubani miaka mitatu. Nilijiuzulu uenyekiti nikisema mgongo unaniuma. Ulikuwa uongo tena, mdogo kidogo, maana mtu haachi tabia kwa siku moja. Barasa naye hakuacha kwa siku moja. Hospitali alienda mara mbili: ya kwanza aliruka ukuta, ya pili akakaa. Lakini lile komeo nililing'oa wiki ile ile, na mashimo yake bado yapo kwenye fremu ya mlango. Mama yako anataka niyazibe. Mimi nimekataa.

Halafu Alhamisi moja Mama Wanjiru akaja na kigoda chake mwenyewe kichwani, akakiweka uani, akasema hakuja kusali wala kunywa chai, amekuja kukaa mahali ambapo si lazima aeleze Nakuru iko wapi. Alhamisi iliyofuata wakaja wale wawili walioinamisha vichwa. Baadaye wakaja watu wa Shauri Moyo tusiowajua, wameelekezwa na watu tusiowajua. Sisi wazazi tulikaa tu kama watu waliokutana kwenye matanga. Aliyetupa utaratibu ni wewe, ukiwa kidato cha pili, na vitabu vyako vya hesabu mapajani. Kwanza mtu aseme vile iko. Hakuna kumshauri mpaka amalize. Hakuna kumwombea akiwa bado anaongea. Na watoto wao waliokuja nao wakae nasi, wasifukuzwe kwenda kucheza, kwa sababu wanajua kila kitu tayari.

Nilivunja sheria hiyo kila wiki. Mtu akisema mume wake ameuza jiko, mimi nishainua kidole nimweleze la kufanya. Na wewe, bila hata kuinua macho: "Dadi, bado anaongea." Nilikuwa nakasirika. Nilikuwa najiambia, huyu mtoto nimemzaa mimi, ananizima mbele za watu. Ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba watu walikuwa wanarudi kwa sababu hiyo hiyo. Kila mahali pengine walikuwa wameshashauriwa hadi wakachoka.

Siku Barasa alipokubali kukaa nasi mara ya kwanza, akiwa mwembamba, shati langu likimpwaya, alisema jambo lililotuchekesha sote hadi Mama Wanjiru akafuta machozi kwa leso. Alisema, "Ile siku Neke alisema sijaenda Qatar, mimi nilishtuka. Nilikuwa nimeanza kuamini niko huko."

Sasa nikwambie siku niliyojivunia zaidi, maana huijui. Hukujua nilikuwa nakutazama.

Ulikuwa umeanza kwenda mahakama ya Makadara kila Jumatatu asubuhi, na chupa ya chai na vikombe kwenye kapu, kukaa na familia za walevi waliokamatwa wikendi. Mimi nilikuwa nimekuambia wazi kwamba ni kupoteza wakati. Jumatatu moja nilikusindikiza kubeba kapu, nikasimama kando, karibu na geti. Kulikuwa na mzee mmoja amevaa tai, viatu vinang'aa, amekaa peke yake mwisho wa benchi. Alipoona watu wanamtazama akasema kwa sauti, bila kuulizwa, kwamba yeye amekuja kwa kesi ya shamba. Nilimjua mara moja. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini alikuwa mimi mtupu.

Wewe ulimmiminia chai ukamwambia, "Chukua, mzee. Kesi ya shamba pia inachosha." Ukakaa karibu naye. Hukumuuliza habari za kesi. Baada ya muda ulimuuliza kama amekula. Kijana wake alipoletwa, bila viatu, yule mzee alisimama, tai ikaning'inia, akashika kikombe kwa mikono miwili. Ulisimama tu naye.

Alhamisi ya tatu akaja hapa Umoja, bila tai. Aliuliza langoni, "Hapa ndipo kwa Baba Nekesa?" Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilisimama pale na tupa mkononi nikashindwa kujibu, hadi mama yako akaniuliza kama nimeumwa na jino. Niliitikia, Nekesa. Niliitikia kwa furaha ambayo sijui kuiandika.

Jioni ile nilikuuliza ulijuaje kwamba hana shamba. Ukacheka: "Dadi, nimekaa na mtu wa Qatar miaka mitatu." Nimeliwaza hilo sana. Mimi ulinivua mbele ya watu, yule ulimwachia uongo wake na chai juu yake mpaka akauweka chini mwenyewe. Mimi ningekaa na uongo wangu hadi kaburini bila kuvuliwa vile, yule angevuliwa hivyo angekimbia. Sijui unatofautishaje. Mimi sikukufundisha, na sidhani kama walimu wako wa Eldoret watakufundisha. Watakupa majina ya vitu unavyovifanya tayari, na hilo nalo ni jambo zuri, fundi akijua jina la kifaa chake hapewi kingine anapokiomba. Lakini ukikutana huko na baba mkali, mwongo, anayetaja kazi za mbali, mkumbuke baba yako, umsogezee kikombe. Huyo mtu anaogopa kuliko mlevi wake.

Basi tufike mwaka jana.

Ulikuwa na nafasi ya chuo hiki hiki. Sanduku lilikuwa limefungwa, hapo hapo lilipo sasa. Siku mbili kabla ya safari Barasa akaanguka vibaya, tukamtafuta kwenye mitaro hadi Makadara. Ukaenda, ukafungua sanduku, ukatundika nguo moja moja, ukasema, "Mwaka ujao." Mama yako alilia. Mimi nilikushika bega nikasema Mungu atakubariki kwa moyo huo.

Hili ndilo kosa usilolijua. Nilifurahi. Nilikuwa na huzuni kwa ajili yako, lakini chini yake nilifurahi, kwa sababu ukiwapo wewe mimi nalala. Wewe ndiye uliyejua marafiki zake wapya, wewe ndiye uliyemsikia akivua viatu mlangoni na kujua kwa mlio kama amekunywa. Nilikuwa nimeng'oa komeo mlangoni, kisha nikakuweka wewe mahali pake. Msichana wa miaka ishirini, mwenye kipaji kama hicho, nikamfanya mlinzi wa ndugu yake, tena nikamsifu ili asiondoke. Ningemwona mzazi mwingine akifanya hivyo Alhamisi, ningeinua kidole.

Miezi kumi na moja iliyofuata Barasa alikaa vizuri. Unajua, ulikuwapo. Tumekata funguo pamoja, bega kwa bega, ananikosoa. Na watu wote walisema ni wewe. Hata yeye alisema. Mimi nikaanza kuogopa siku ya kesho tangu ile barua ya chuo ilipofika tena, nikajiapiza kwamba safari hii utaondoka, liwe liwalo.

Na hapo ndipo nilipoteleza na mimi.

Juzi Jumapili uliniuliza Barasa yuko wapi, nikakwambia shangazi yenu alimwita Bungoma kuvuna mahindi. Ukasema, "Na hajaniaga?" Nikakwambia atakupigia simu. Niliona uso wako ukiingia kivuli, nikageuka nikajifanya natafuta miwani.

Nekesa, Barasa hayuko Bungoma.

Ijumaa nilimtuma Makadara kumfungulia mteja mlango uliokwama. Mlango aliufungua. Hakurudi. Nilikaa nikimsubiri, nikikudanganya kwamba ana kazi nyingi. Jumamosi asubuhi Mama Wanjiru akapiga simu. "Baba Barasa, usihangaike, niko naye. Ameteleza. Alikuja mwenyewe, akabisha mlango, akaniambia amekunywa." Nilienda. Alikuwa amelala kwenye kochi chini ya pazia la kuuza, anatetemeka, macho mekundu. Alipoweza kuongea aliniambia, "Buda, usimwambie Neke. Akijua haendi, na mimi sitaki kuwa sababu tena." Nikamwambia sawa. Yaani sisi wawili, wote tumekaa kwenye Alhamisi zako, tukakubaliana palepale kwenye kochi. Mama Wanjiru alikuwa anakoroga uji. Akasema, "Mkianza Qatar tena, mimi simo." Hatukumsikiliza.

Mama yako nilimwambia jana usiku. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwambie kabla hajaondoka. Mimi Qatar moja ilinitosha." Ndiyo sababu leo amekupeleka kwa msusi na kuchagua mtindo wa nywele nyembamba unaochukua saa nne. Mimi nilidhani ni urembo.

Asubuhi hii nimepita kwa Mama Wanjiru kumwona Barasa kabla ya kufungua kibanda. Amekunywa uji, ukakaa. Mikono bado inatetemeka, lakini siku nne hajagusa kitu. Amekubali kurudi kwa daktari wake, na mama yako atamsindikiza Alhamisi. Nimemwambia kwamba nakuandikia yote. Alifunika uso. Kisha akasema, "Basi mwambie nitambebea sanduku. Kama ananitaka."

Sikwambii ni jambo dogo. Ameanguka, na inaniuma, na usiku wa kuamkia Jumapili nililia kama mtoto. Lakini mwaka jana tulimwokota mtaroni. Safari hii alibisha mlango mwenyewe na kusema vile iko. Alijifunza wapi? Na mlango aliobisha haukuwa wako. Ulikuwa wa Mama Wanjiru, aliyekuja hapa na kigoda kichwani kwa sababu ulisimama ukiwa na miaka kumi na minne. Ulichokifanya kinafanya kazi hata usipokuwapo, mwanangu. Sijui kama mzazi anaweza kupewa sababu kubwa kuliko hiyo ya kujivuna, na ninajivuna, waziwazi, wala sioni haya.

Alhamisi nitakaa kwenye kiti chako. Nitajaribu kunyamaza hadi mtu amalize, jambo ambalo mama yako anasema halijawahi kutokea tangu tuoane. Nikishindwa, kuna watoto wengi pale watakaonikumbusha. Na kila Jumapili nikikupigia simu nitakwambia ilivyo, ikiwa nzuri au mbaya. Ikiwa mbaya, usipande basi. Kaa, lia ukitaka kulia, kisha uende darasani. Huku tuko watu wengi sasa.

Nasikia sauti ya mama yako langoni, anabishana na mwenye duka, kwa hiyo namaliza.

Nilikuwa nimenuia kuiweka barua hii ndani ya sanduku, chini ya blanketi, uikute Eldoret ukitoa vitu, wakati huwezi tena kurudi. Niliifikisha hadi kwenye zipu. Nikaona hiyo ingekuwa Qatar nyingine. Kwa hiyo nimeiweka juu ya sanduku, utakapoiona kabla ya kitu chochote, na nimekaa hapa kando yake nikingoja uisome mbele yangu. Sanduku ni lako kulifunga au kulifungua. Mimi naomba uende. Naomba kwa moyo wangu wote, mahali nilipo kweli, na sitaanzisha wimbo.

Mimi baba yenu,

Baba Barasa, na Baba Nekesa.